Nani anapewa ruhusa ya kujaribu? Pulsar-23 mbele ya likembe za Konono N°1



Kuko mashini moja ya ngoma yenye haina ekrani, haina midundo iliyotayarishwa mbele, na haina ile safu ya vyumba 16 yenye tumezoea kuona mu programu za kutengeneza muziki. Juu ya uso wake kumejaa ncha za chuma, zimesimama kama misumari yenye haijapigwa ikamalizika. Mwenye kuicheza anashika fili zenye vibano vya meno, ndugu wadogo wa vile mafundi wa garaji wanabana ku betri ya motokari, na anaunganisha ncha moja na ingine. Fili zikimuishia, anaweka vidole: umeme mdogo unapita mu ngozi yake na mdundo unageuka palepale.

Jina lake ni Pulsar-23. Aliyeibuni ni Vlad Kreimer, mwanamuziki na injinia Mrusi, mwenye nyumba ya vyombo inayoitwa Soma (musichanganye na kusoma kwetu). Ni mashini ya ngoma na ni sintetiseri kwa wakati mmoja, na popote inapotajwa wanaibandika neno moja: chombo cha majaribio.

Nataka kuichambua hapa vile tunachambua kitabu ao filme, juu chombo nacho ni kazi ya akili ya mtu. Na nitatoa hukumu yangu mwanzo, ili mwenye haraka asichome mega zake bure: Pulsar-23 ni kazi nzuri sana, moja kati ya zile chache zenye zinamrudishia mpiga ngoma mwili wake. Lakini neno «majaribio» yenye inavaa, kuko watu wa Kinshasa walistahili kulivaa zamani, na hawakupewa. Tutafika.

Tuanze na kazi yenyewe. Mashini ya ngoma inafanya mambo mawili. La kwanza, inatengeneza sauti: ngoma kubwa ya umeme ni mtikisiko wenye unaanza na nguvu, unashuka haraka, unakufa. La pili, inahesabu wakati: ndani kuko saa inayogonga, na kila pigo la saa linauliza, hapa tunapiga ao hatupigi? Mu mashini nyingi mambo haya mawili yamefungiwa ndani ya sanduku. Wewe unabonyeza, yenyewe inajibu. Haujui nini ilikubali na nini ilikataa.

Kreimer alifanya kinyume. Alichukua matumbo ya mashini, akayapanga juu ya meza kama fundi anayefungua redio. Kuko vipande 23, kila kimoja na kazi yake, na ndipo jina limetoka. Kuko sauti nne: ngoma kubwa, besi yenye inaweza kuwa ngoma pia, ngoma ya mkwaruzo, na sahani za shaba. Kila sauti iko na kipande kinachosema itakufa haraka ao polepole. Na ukitaka isikufe, unaiachilia iendelee kulia. Hapo ngoma inaacha kuwa ngoma, inakuwa sintetiseri. Kuko vinasa vinne, lakini havinasi sauti: vinashika mapigo ya vidole vyako na kuyarudisha kwa duara. Kuko saa yenye mapigo yake yanagawanywa mara kadhaa. Kuko kipande kinachozaa namba zenye zinafanana na bahati nasibu, na kingine cha kurudisha mwangwi. Ukiweka fili kati ya vipande viwili, kimoja kinaanza kumuamuru mwenzake.

Jambo lenye lilinipendeza kuliko yote ni hili. Kuko kipande kinachotikisika polepole sana, ukizungusha kitufe chake kinaharakisha, kinaharakisha, mpaka kinafika mitikisiko maelfu kwa sekunde. Fanya jaribio hili bila mashini: ukigonga meza mara nne kwa sekunde, sikio linasikia mapigo. Kama ungeweza kufika kiasi cha mara 20 na kupita, sikio lingeshindwa kuhesabu, lingeanza kusikia sauti moja nene. Mdundo na sauti si vitu viwili. Ni kitu kimoja kwa mwendo tofauti. Pulsar-23 inakuachia kuvuka ule mpaka na mkono wako, mbele yako, bila mwalimu wa fizikia kuchora kitu ku ubao.

Wazo lenyewe halikuzaliwa na Kreimer, na ni vema kusema. Karibu miaka mia iliyopita, Mmarekani Henry Cowell alikuwa na kiu ya kusikia hesabu hiyo. Alimuomba Léon Theremin, Mrusi mwengine, amjengee chombo, na mu 1931 kikazaliwa Rhythmicon. Ndani kulikuwa visahani vinazunguka vyenye matundu, mwangaza unapita mu matundu, na jicho la umeme linaugeuza kuwa sauti. Kitufe cha kwanza kilipiga mara moja, cha pili mara mbili mu muda uleule, cha tatu mara tatu, vivyo hivyo mpaka 16. Na kila kitufe kilikuwa na urefu wa sauti wenye unafuata hesabu ileile. Kwa hiyo mashini ya kwanza ya mdundo mu historia haikuwa ya kusaidia mpiga kinanda mu bar. Ilikuwa swali. Kilichokuja nyuma, kile cha biashara, ndicho kiliua swali na kubakiza kitufe.

Sisemi biashara ilitoa vitu vibaya. Mu 1980 kampuni ya Roland, ya Mjapani Ikutaro Kakehashi, ilitoa TR-808. Vitufe 16 kwa safu, kila kitufe ni hatua moja ya wakati. Waliuza kiasi cha 12.000 tu, na mu 1983 wakaacha kuitengeneza. Ile tunaita leo sauti ya hip-hop, ile besi inayotikisa kiosa na taxi, mizizi yake iko pale. Na kuko habari moja juu ya 808 yenye naomba muishike vizuri, juu tutairudilia: Kakehashi alinunua transista zenye kasoro, zenye wengine walikataa, juu kasoro hiyo ndiyo ilikuwa inatoa mkwaruzo fulani mu sauti. Transista mbovu zilipokwisha, juu viwanda vilijifunza kutengeneza nzuri, na 808 ilikwisha. Ulimwengu unamuita fundi mwenye akili ya pekee. Ni haki yake.

Sasa neno majaribio. Mimi nilisoma agronomia, na kwetu neno hili liko na sheria. Ukitaka kujua kama mbegu mpya ya mahindi inapita ya zamani, unagawa shamba vipande. Mu kimoja unapanda mpya, mu kingine ya zamani, ili kuwe cha kulinganisha. Unarudia mara tatu ao nne, juu udongo hauko sawa pote. Unapima, unaandika. Na mtu wa kijiji kingine lazima aweze kuchukua karatasi yako na kurudia. Bila hivyo haukujaribu. Umelima tu.

Mu muziki neno liko na maana ingine. John Cage, Mmarekani yule wa kunyamazisha piano, aliona kwamba tendo la majaribio ni lile lenye matokeo yake hayajulikani mbele. Haupimi. Unafungua mlango na unakubali chenye kitaingia.

Tupime Pulsar-23 na vipimo vyote viwili.

Kwa kipimo cha Cage inapita bila shida. Vidole vyako vikiwa na jasho, umeme unapita vizuri zaidi. Vikiwa vikavu, unapita kidogo. Kwa hiyo mashini inajua kama unaogopa! Namba zake za bahati nasibu zinaleta pigo mahali penye haukungoja. Na juu hakuna vyumba 16 vyenye vinakulazimisha, unaweza kuweka tatu juu ya nne, tano juu ya tatu, ao pigo lenye linachelewa kidogo kila mara. Mtu aliyekulia karibu na ngoma za sherehe anajua kwamba uzuri mwingi unakaa mu uchelewaji ule. Vyumba 16 vinaunyoosha kama pasi. Pulsar-23 hainyooshi kitu, na kwa hilo peke yake ninamshukuru mwenye kuibuni.

Kwa kipimo cha shamba, mambo yanageuka. Mashini haina kumbukumbu ya fili zako. Ukichomoa vibano, mdundo wa leo umeenda. Unaweza kupiga picha na simu ili kukumbuka fili zilikuwa wapi, lakini picha haitakumbuka kila kitufe kilisimama kwa nywele gani, wala jasho la vidole vyako. Wengine wanaona hapa ubaya. Mimi hapana. Mpiga ngoma mu matanga hawezi kurudia usiku wa jana, na hakuna mtu anayemlaumu. Chombo cha kucheza mbele ya watu kiko na haki ya kusahau.

Ubaya ninaouona uko kwingine. Kreimer anaiita Pulsar-23 mashini ya ngoma yenye tabia ya kiumbe hai. Vizuri. Lakini kiumbe hai kinafanya jambo moja lenye chombo hiki hakifanyi: kinazaa.

Mkulima wa kwetu anajua tofauti kati ya mahindi ya hibride na bua la muhogo. Hibride ya kwanza inatoa mavuno makubwa, safi, yenye kufanana. Lakini ukirudisha mbegu zake ku udongo msimu unaofuata, watoto wanatoka kila mmoja na sura yake, na mavuno yanashuka. Lazima urudi ku duka. Muhogo ni tofauti: jirani anakata bua, anakupatia, unachomeka, unakula. Pulsar-23 ni hibride. Inafika imekamilika, nzuri, na bei yake inapita dola 1.500. Inakufundisha kuunganisha, haikufundishi kujenga. Ukiishika miaka kumi utakuwa mchezaji mkubwa, lakini hautakuwa umejifunza kutengeneza hata kipande kimoja kati ya vile 23. Sisemi mtu asile jasho lake. Aliyekaa miaka juu ya meza na chuma cha kuunguza ana haki ya kuuza. Nasema tu kwamba «kiumbe hai» ni neno kubwa kwa kitu kinachozaliwa mu karakana tu.

Sasa twende Kinshasa.

Mawangu Mingiedi alitoka upande wa mpaka wa Angola, kabila la Bazombo, na alicheza likembe. Miaka ya 1960, mu jiji kubwa lenye kelele, likembe haisikiki tena: ni chombo cha mikono miwili na cha watu waliokaa karibu. Mingiedi aliweka swali: namna gani ndimi hizi za chuma zitapita kelele ya barabara? Akachukua sumaku mu vipande vya motokari, akazungushia fili ya shaba, akaiweka chini ya ndimi. Ulimi wa chuma ukitikisika mbele ya sumaku, umeme mdogo unazaliwa mu fili. Unaupeleka ku amplifikateri, unatoka mu bafle. Ni kanuni ileile ya gitaa ya umeme. Mikrofoni ilichongwa mu mti. Sauti zilitoka mu megafoni za zamani. Na hakufanya likembe moja: alizipanga tatu, ya chini, ya katikati na ya juu, kama mtu anayegawa kazi kwa besi, akompanyema na solo. Sauti hiyo ya Konono N°1 ilirekodiwa mu 1978, miaka miwili mbele ya TR-808. Dunia yenyewe iliisikia sana nyuma ya diski Congotronics ya 2004, na mu 2007 Björk aliwaingiza mu wimbo wake.

Umeme wenyewe ulitoka umekwaruzika, umechafuka. Na hapa ndipo naomba tuwe makini. Hadithi yenye inasimuliwa mara nyingi inasema: walikuwa maskini, waliokota, bahati ikawapa sauti ya ajabu. Sisi wenyewe tunaisimulia hivyo, na kicheko juu: «Article 15, bandugu, kujitafutia!» Lakini angalieni likembe ya mababu, ile isiyo na umeme hata kidogo. Mara nyingi ndimi zake zimevishwa vipete vidogo vya chuma, ili kila noti itoke na mlio wa nyuki juu yake. Mkwaruzo ulikuwa unatafutwa mbele ya bafle kufika. Mingiedi alipousikia mkwaruzo wa umeme na kuuacha, hakushindwa kuusafisha tu. Alitambua sauti ya kwao mu chombo kipya. Ule ni uchaguzi. Ni sikio linaloamua.

Sasa rudini ku Kakehashi. Mjapani ananunua transista zenye kasoro juu anapenda mkwaruzo wake: ni ubunifu. Mkongomani anachagua sumaku ya motokari iliyokufa na anapenda mkwaruzo wake: ni umaskini wenye bahati. Mrusi anaweka vibano vya garaji juu ya chombo chake: ni majaribio. Kijana wa Kinshasa anafunga makopo na mashini ya kuandikia ya zamani, kama vile KOKOKO! walifanya mbele ya kutoa diski yao Fongola mu 2019: ni «kurudisha takataka mu kazi». Matendo ni yale yale manne. Majina ndiyo yanagawanyika, na jina ndilo linaamua nani atapewa pesa za utafiti, nani ataitwa kufundisha, nani atapigwa picha tu.

Najua mwengine atasema: na tantale ya udongo wetu, yenye inaingia mu kondansateri za dunia nzima? Ni kweli, lakini hoja yangu leo ni ingine. Madini wanaweza kuyachukua na malori. Jina la injinia, sisi ndio tunalitoa na mdomo wetu.

Lakini kama nimempima Kreimer na kipimo cha shamba, lazima nimpime Mingiedi pia, bila upendeleo wa bendera. Likembe yake ni bua la muhogo: vifaa viko pote, jirani anaweza kuangalia na kurudia. Hapo anamshinda Kreimer. Lakini karatasi iko wapi? Fili ilizungushwa mara ngapi? Sumaku ilikaa umbali gani na ulimi? Mingiedi alikufa mu 2015. Mtoto wake aliendelea na kikundi, kwa hiyo mkono ulipita kwa mkono, na ni jambo kubwa. Lakini maarifa yenye yanakaa mu mkono tupu yanategemea pumzi ya mwenye mkono. Bua likikosa mtu wa kulichomeka, linakauka.

Hapa ndipo kunatuhusu, sisi wenye diplome. Mu mashule yetu kozi ya elektroniki inapita mara nyingi ku ubao: mwalimu anachora transista, tunanakili, tunarudisha ku mtihani. Mtu anamaliza miaka mitatu bila kuunguza kidole hata mara moja. Na huku, mu kartiye, kuko fundi asiye na karatasi yoyote anayefufua amplifikateri kila siku. Mmoja anaweza kuandika lakini hajajenga. Mwengine amejenga lakini hajaandika. Kati yao wawili ndipo Pulsar yetu imelala.

Jaribio la kweli, lenye kufuata sheria za shamba, haliombi dola 1.500. Chukua likembe moja yenye ndimi za chuma. Tengeneza vikamata sauti vitatu na sumaku za namna moja: kimoja fili imezunguka mara 1.000, kingine 2.000, kingine 3.000. Kanuni inasema mizunguko ikiongezeka umeme unaongezeka, lakini sauti za juu zinaanza kupotea. Weka cha nne: likembe ileile bila umeme, ndiyo ya kulinganisha. Rekodi zote na simu moja, umbali mmoja, noti zile zile, mara nne. Andika. Halafu, hapo tu, mpe likembe mpiga likembe mzee na umuulize ni ipi inasema kweli. Kama jibu lake linapingana na vipimo vyako, usivunjike moyo: hapo ndipo TFC yako imeanza.

Kreimer alituonyesha kwamba mashini inaweza kufungua tumbo lake mbele ya watu bila haya, na ngozi ya mtu inaweza kuwa fili. Nampa heshima yote. Mingiedi alituonyesha kwamba swali zuri linaweza kuanza na sumaku ya motokari. Kile kinakosa ni cha bei ndogo: daftari.

Basi naacha swali kwenu, hasa ninyi wa fizikia, elektroniki na muziki. Mu kartiye yenu, nani anajenga kitu chenye kinalia, na nani kati yenu ameshaenda kukaa karibu naye na kalamu mu mkono?